Maji Mekundu ya Nyando Yanakwenda Wapi?

Mkulima wa Fort Ternan, siku mvua kubwa ya alasiri itakapokatika, shuka mpaka darajani ukautazame mto. Utaona maji mazito, mekundu kama udongo wa kukandika nyumba, yamebeba majani ya miwa, vijiti, na mara nyingine mche mzima wa mahindi pamoja na mizizi yake. Rangi ile haikutoka mawinguni. Imetoka katika shamba lako na la jirani yako, katika njia ya ng'ombe ishukayo mtoni, na katika barabara ya skimu ambayo mfereji wake haujazibuliwa tangu mwaka juzi.

Watu wengi wakiyaona maji hayo husema, "Mto umejaa," halafu hurudi nyumbani. Leo twataka uyafuate. Yakitoka hapa huungana na matawi mengine ya Nyando, hupita Muhoroni, hukata uwanda wa Kano na kupita Ahero, na mwisho humwagika katika Ghuba ya Winam, ambayo ni mkono wa Ziwa Victoria ulioingia upande wa Kenya. Wataalamu waliochunguza mito ya ziwa hilo wameutaja Nyando kuwa miongoni mwa ile inayobeba udongo mwingi kupita kiasi.

Labda utasema, "Mimi ni mtu wa kahawa, chai na maziwa. Samaki wanihusu nini?" Swali lako ni la haki. Basi wafikirie kuku wako. Chakula cha kuku unachonunua dukani, au unachochanganya mwenyewe, mara nyingi kina unga wa omena ndani yake. Omena wakiwa haba ziwani, bei ya gunia la chakula cha kuku hupanda huku kwetu, nawe hutajua ni kwa nini. Tena yale yanayowadhuru samaki ni mali uliyoinunua kwa fedha zako. Mbolea uliyotia shambani mwanzo wa mvua za masika imo ndani ya maji yale mekundu.

JIKO KATIKA NYUMBA ILIYOFUNGWA

Usiku wa baridi, mtu akiingiza jiko la makaa chumbani na kufunga mlango na madirisha, mambo matatu hutokea kwa wakati mmoja. Chumba hupata joto. Hewa safi huliwa na moto. Na mahali pake hewa mbaya hujaa. Sote tumesikia habari za watu waliolala hivyo wasiamke, na yafaa tuseme tena hapa kwamba jambo hilo lisifanywe kamwe.

Maji ya ziwa na ya bahari siku hizi yanapatwa na mambo kama hayo matatu: joto linazidi, hewa safi inapungua, na asidi inaongezeka. Kila moja lina madhara yake, lakini wataalamu wana hofu zaidi kwa sababu yanakuja pamoja, na kila moja humwongezea mwenzake nguvu. Tazama jinsi yanavyofanya kazi.

Samaki huvuta hewa kama wewe, ila yeye huitoa ndani ya maji. Hewa hiyo, oksijeni, imeyeyuka majini kama sukari ndani ya chai, lakini tofauti yake na sukari ni kwamba maji yakipata joto hushika kidogo zaidi. Katika usawa wa bahari, maji yasiyo na chumvi yenye joto la nyuzi 20 huweza kushika miligramu 9 hivi za oksijeni katika kila lita. Yakifika nyuzi 30 hushika 7 na nusu tu. Ziwa letu liko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,100, kwa hiyo hushika pungufu ya hapo.

Sasa mtazame samaki mwenyewe. Mwili wake hauna joto lake pekee kama wa ng'ombe. Maji yakipata joto naye hupata joto, na kila kitu ndani yake huenda mbio zaidi. Joto likiongezeka kwa nyuzi 10, hewa anayohitaji hufika karibu mara mbili. Ni kama kibarua aliyepunguziwa mshahara kwa sehemu ya sita mwezi ule ule ambao bei ya unga imeongezeka maradufu. Akiwa kijana mwenye nguvu atasukuma siku. Akiwa na ugonjwa, hatafika mwisho wa mwezi.

Na ugonjwa wenyewe upo. Kila kitu kinachooza majini hula oksijeni na kutoa kaboni dayoksaidi, ile hewa itokayo puani mwako na katika kila kitu kinachoungua. Hewa hiyo ikiyeyuka majini hufanya asidi. Kwa hiyo mahali palipo na upungufu wa oksijeni chini ya maji, karibu kila mara utakuta asidi nayo iko pale pale. Samaki hana hewa ya kutosha, na hewa aliyo nayo damu yake inaishika kwa shida.

YALIYOPIMWA ZIWANI

Mnamo 1960 na 1961, wakati skimu nyingi za makazi zilikuwa bado hazijapimwa, mtaalamu Mwingereza aitwaye J. F. Talling alikuwa akipima maji ya Ziwa Victoria, juu mpaka chini. Alikuta kwamba muda mwingi wa mwaka oksijeni ilifika hata kwenye vilindi. Karibu miaka 30 baadaye, mnamo 1990, R. E. Hecky na wenzake walirudi kupima, wakakuta mambo yamegeuka. Sehemu kubwa ya chini ya ziwa, kufikia karibu nusu yake, ilikuwa ikikosa oksijeni kwa miezi mingi. Nyumba ya samaki ilikuwa imepunguzwa vyumba vya chini.

Jambo lililotokea kati ya vipimo hivyo viwili mkulima aweza kulielewa kuliko mtu wa mjini. Ziwa lilitiwa mbolea. Udongo wa mashamba, majivu ya misitu iliyochomwa, maji machafu ya miji na uchafu wa viwanda vyote viliingia humo. Fosfati hushikamana na chembe za udongo. Udongo ukienda, fosfati huenda nao. Naitrojeni, ambayo ndiyo nyingi katika mbolea ya chai, huyeyuka na kufuata maji. Sasa, ukilitia shamba la mahindi mbolea ya kukuzia, mahindi huwa ya kijani na kurefuka. Ziwa likitiwa mbolea, kinachoota ni mwani mdogo, vimea visivyoonekana kimoja kimoja, ambavyo vikizidi hufanya maji kuwa kama uji wa kijani. Hakuna mtu wa kuvivuna. Vikifa huzama, huoza, na kuoza kwake ndiko kunakokula hewa ya chini.

Joto nalo hufanya kazi ya kifuniko cha sufuria. Maji yaliyochomwa na jua ni mepesi, hukaa juu; maji ya baridi ni mazito, hukaa chini, yasichanganyike. Katika ziwa hili, upepo wa kusi na ubaridi wa Juni na Julai ndio huondoa kifuniko na kukoroga maji, vilindi vikapata hewa. Kuanzia Septemba hivi kifuniko hurudi. Mwaka wenye joto kupita kawaida, kifuniko huwa kizito zaidi na hukaa muda mrefu zaidi, na kule chini kuoza kunaendelea mlango ukiwa umefungwa.

Ghuba ya Winam si ya kina kirefu kama ziwa lenyewe, lakini ndiko udongo wetu unakofikia kwanza, na gugumaji lililoingia upande wa Kenya karibu na 1990 hustawi humo, likazuia mwanga na upepo. Ikatokea dhoruba au upepo mkali ukayapindua maji ya chini, maji hayo mabovu hupanda juu kwa ghafula. Samaki walio huru hukimbia, na hata hao si wote hufaulu. Katikati ya miaka ya 1980 walikufa kwa wingi katika ghuba hiyo baada ya jambo la namna hii. Samaki walio katika vizimba hawana pa kukimbilia. Novemba 2022 wafugaji wa samaki wa upande wa Kisumu waliamka wakakuta vizimba vimejaa samaki wanaoelea matumbo juu, na wachunguzi walipopima maji walikuta oksijeni imepungua mno. Watu hao walikuwa na mikopo kama wewe uliyekopa kununua ng'ombe wa gredi. Hasara yao ilikuwa ya mamilioni mengi ya shilingi, na bima wengi hawakuwa nayo.

Kuna jambo jingine dogo ambalo lilinishangaza mimi mwandishi niliposoma. Ziwa lilikuwa na mamia ya aina za samaki wadogo ambao Wajaluo huwaita fulu. Wengi wao waliliwa na mbuta alipozidi ziwani katika miaka ya 1980. Lakini uchunguzi uliotolewa mnamo 1997 ulionyesha kwamba hata maji ya matope yaliwapunguza. Jike wa fulu humchagua dume kwa rangi yake, nyekundu au samawati. Maji yakiwa machafu haoni rangi, akachukua yeyote aliye karibu, na aina zikachanganyika mpaka hazikutambulikana. Udongo unaweza kuharibu hata uchumba.

JIWE LA KORU NA MATUMBAWE YA MALINDI

Maji yetu hayafiki Mombasa. Yakitoka ziwani kule Jinja hufuata Nile mpaka Misri. Hata hivyo yafaa tuitazame bahari ya Hindi kidogo, kwa sababu kule ule ugonjwa wa tatu, wa asidi, umepimwa vizuri zaidi, nasi watu wa Fort Ternan tunayo njia rahisi ya kuuelewa.

Chukua kipande cha mawe ya chokaa yanayochimbwa hapo Koru, kile kisichochomwa. Kisage, kisha kikamulie ndimu. Utaona povu. Asidi ya ndimu inalila jiwe, na hewa inayotoka katika povu ni ile ile kaboni dayoksaidi. Ndiyo sababu Bwana Shamba hukushauri utie chokaa katika shamba la mahindi lililochoshwa na DAP miaka mingi: chokaa hujitoa iliwe na asidi, udongo ukapona. (Chai usiitie chokaa. Chai ni mmea wa peke yake, hupenda udongo wa asidi, na mtu aliyeitilia chokaa kwa kuiga jirani ataiona ikigeuka rangi ya manjano.) Majivu ya volkano ya kale yenye chokaa, ya mlima Tinderet, ndiyo pia yaliyohifadhi ile mifupa ya miaka milioni 14 hivi ambayo Dokta Louis Leakey aliichimbua hapa kwetu kuanzia 1961. Mifupa na chokaa ni ndugu.

Sasa matumbawe ya pwani, na makoa ya chaza na kome, yote ni chokaa. Mnyama mdogo wa tumbawe huivuta chokaa kutoka katika maji ya bahari akajenga nyumba, na nyumba nyingi pamoja hufanya mwamba unaozuia mawimbi na kuwalisha samaki. Bahari imekuwa ikinyonya karibu robo ya kaboni dayoksaidi inayotolewa na viwanda, magari na moto wa dunia nzima. Kipimo cha asidi ni kile kile cha pH ambacho hupimia udongo wako. Kabla ya viwanda, maji ya juu ya bahari yalikuwa karibu 8.2; sasa ni karibu 8.1. Usidharau tofauti hiyo. Kila hatua nzima ya kipimo hicho ni mara kumi, na kushuka huko kudogo maana yake ni asidi iliyoongezeka kwa karibu asilimia 30. Bahari haijawa ndimu, wala haitakuwa, lakini mjenzi wa chokaa anapata saruji kwa shida zaidi kila mwaka.

Na kwake pia mambo hayaji moja moja. Bahari imechukua zaidi ya asilimia 90 ya joto lililozidi duniani, na tangu 1960 imepoteza karibu asilimia 2 ya oksijeni yake yote. Mnamo 1998 maji ya pwani yetu yalipata joto kali. Matumbawe yakageuka meupe, na katika sehemu nyingi za pwani ya Kenya kati ya nusu na asilimia 90 ya matumbawe hai yalikufa. Joto kali likaja tena 2016, na tena 2024. Tumbawe lililochomwa na joto huhitaji kujenga upya, na asidi ndiyo inayolichelewesha kujenga. Ni kama ng'ombe aliyeponea chupuchupu kwa ndigana akaachiliwa katika malisho yaliyokauka. Akifa, utasema amekufa kwa nini?

Hapo Malindi pana ushahidi unaotuhusu sisi wa bara. Tumbawe hukua kwa pete za kila mwaka kama mti. Wataalamu walitoboa tumbawe la miaka 300 hivi, wakasoma katika pete zake dalili za udongo ulioletwa na mto Sabaki kutoka nyanda za juu. Kwa miaka 200 ya mwanzo dalili ni ndogo. Karne ya 20 inapoanza, watu wakafungua mashamba makubwa na wengine wakasongamana katika sehemu chache, dalili inaanza kupanda, na inaendelea kupanda. Wakulima wa Ukambani na wa karibu na Nairobi walikuwa wakiandika kumbukumbu za mashamba yao katika jiwe la baharini, umbali wa mamia ya maili, pasipo kujua.

LILILO MKONONI MWAKO

Moshi unaoipasha bahari joto na kuitia asidi unatoka zaidi Ulaya, Marekani, China na nchi nyingine za viwanda. Sehemu yetu ni ndogo sana, na mtu akikuambia kwamba mkulima wa ekari saba wa Fort Ternan ndiye aliyeleta joto la dunia, usimkubalie. Lakini hewa inayopungua katika ghuba, sehemu kubwa ya sababu yake ni udongo na mbolea, na hivyo vinapita mbele ya mlango wako. Samaki anayelazimika kuvumilia joto atalivumilia vizuri zaidi kama hajanyimwa hewa. Mzigo mmoja ukipunguzwa, miwili iliyobaki hubebeka.

Anza na kingo za mto. Sheria za maji za Kenya zimetenga ukanda kando ya mto, usiopungua mita 6 wala kuzidi mita 30 kila upande kufuata ukubwa wa mto. Uliza kipimo cha kwako. Tunajua kwamba udongo wa pale ni mweusi na sukuma hustawi. Ndiyo sababu mto huuchukua kwanza. Usipande mikaratusi pale. Panda miti ya asili, mianzi, au nyasi.

Shamba lenye mteremko lichimbwe makinga maji, yale ya fanya juu, kwa kufuata usawa wa kilima, na juu ya tuta upande mabingobingo. Nyasi hizo hushika udongo na tena ng'ombe hula, kwa hiyo hupotezi ardhi kama wengine wanavyodhani. Chai iliyofunika ardhi vizuri haipotezi udongo mwingi. Hatari ya mashamba ya chai iko katika njia za wachumaji na barabara, ambapo maji hukusanyika na kuchimba makorongo. Gema la korongo huanza na unyayo wa ng'ombe. Likiwa dogo, mawe na matawi ya siku moja hulizuia. Likiwa kubwa utahitaji baraza zima.

Mbolea usiirushe juu ya ardhi wakati mawingu meusi yamesimama Tinderet. Tia katika shimo, funika, na ile ya kukuzia igawanye mara mbili. Mfuko wa mbolea siku hizi si kitu cha kuwapelekea mwani wa Winam zawadi.

Na sisi wa kahawa tuna deni letu. Maji ya kuoshea buni na maganda yake ni makali kwa asidi, na yakiingia mtoni huoza haraka na kumaliza oksijeni mara moja, hata kabla ya kufika Muhoroni. Kiwanda cha kumenya buni kinapaswa kuwa na mashimo ya kutosha ya kupokea maji hayo, na maganda yageuzwe mboji. Wewe ni mwanachama. Katika mkutano wa mwaka, baada ya kuuliza habari za malipo, uliza pia mashimo yalichimbuliwa lini.

Ukitaka kujua kama kazi yako inafaa kitu, huhitaji chombo cha wataalamu. Tafuta chupa mbili nyeupe za lita moja. Siku ya mvua kubwa, teka maji katika mfereji au kijito pale kinapoingia shambani kwako, na katika chupa ya pili pale kinapotoka. Zisimamishe dirishani mpaka asubuhi, udongo utakuwa umetuama. Pima kimo chake kwa rula, uandike tarehe juu ya karatasi na kuibandika kwenye chupa. Chupa ya chini ikiwa na udongo mwingi kuliko ya juu, tofauti hiyo ni yako. Rudia mvua za mwaka ujao baada ya kuchimba makinga maji, na ukienda barazani zichukue chupa zote nne ukamwonyeshe Bwana Shamba au Bibi Shamba.